Nesi Aliyefungua Mifundo ya Watu

Nesi hakuzungumza jambo zito na mtu aliyesimama. Ukimwendea mlangoni umefura, hata salamu hazijaisha, ameshakuvutia mto wa kukalia. "Kaa kwanza," atakwambia. "Hasira yako imesimama pamoja na wewe. Ukikaa, nayo itakaa."

Hivyo ndivyo anavyonijia akilini kwanza: mkono wake mrefu ukipapasa zulia kutafuta mto, macho yake yako kwako bado. Alikuwa jirani yetu Ansab, pembezoni mwa Maskati, kwa miaka mingi, ukuta wake na wetu mmoja. Tulipohamia pale alikuwa ameshaacha kazi ya hospitali, lakini hakuna aliyemwita vyengine. Watu wazima walimwita Nesi, na sisi watoto wao tukamwita Bi Nesi. Viatu vyake vyeupe vya kazini aliendelea kuvivaa hata akienda sokoni. Nguo zake zilinuka udi, na chini ya udi ikawepo harufu ya dawa ya hospitali, kama kwamba ilimwingia mwilini miaka ile ikakataa kutoka.

Saa zake zilikuwa za alasiri. Ansab ya miaka ya tisini ilikuwa na viwanja vitupu vingi kuliko nyumba. Baada ya sala joto lilikaa juu ya vile viwanja likitetemeka, na jabali lililo nyuma yetu likaonekana linaelea. Wakati huo Nesi alizima kiyoyozi. Alisema kinameza maneno ya watu. Tukakaa sebuleni kwake tunatoka jasho, pazia zimeshushwa, mwanga umegeuka rangi ya chai ya rangi, na mtu hajui vizuri kama amesinzia au yu macho. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyaona katika mwanga ule, na labda ndiyo maana hayakubali kupangwa. Yanakuja yanavyotaka yenyewe.

Hiyo kazi yake ya pili, ya kukalisha watu, aliipata kwa mwanamke wa Hawaii. Alipokuwa bado hospitalini aliwekwa chumba kimoja naye katika nyumba za wauguzi. Yule alikuwa mtu mzima kuliko yeye, mkubwa wa mwili, aliyekuja Maskati kwa mkataba wa kazi. Nesi alipenda kutuhadithia siku waliyojuana.

"Nikamwuliza, kwenu mnakula nini? Akanambia majimbi, shelisheli, nazi na samaki. Nikamwambia, basi wewe mtu wa kwetu Pemba, umepotea njia tu."

Kwa yule rafiki ndiko alikojifunza hooponopono. Maana yake, alivyotueleza, ni kuliweka jambo sawa. Kwao Hawaii watu wa nyumba moja wakikosana huitwa wakae pamoja, mkubwa mmoja awe katikati. Wanaanza kwa dua. Kisha kila mmoja anasema lililomkaa moyoni, lakini hasemi na mwenzake. Anasema na yule aliye katikati, na wengine wanasikiliza. Maneno yakipanda moto, yule wa katikati anawanyamazisha wote mpaka yapoe. Aliyekosa anakiri na kuomba radhi, aliyekosewa anasamehe, halafu wanafunguana. Mwisho wanakula pamoja, na jambo lile halitajwi tena.

"Wao wanasema kosa ni kamba," alikuwa akisema. "Inamfunga aliyekosa na inamfunga aliyekosewa, kamba hiyo hiyo moja. Na sisi si tunasema fulani ana mfundo na fulani? Fundo tulilijua. Namna ya kulifungua ndiyo tumeisahau."

Mama yangu hakuwa na haja na mambo hayo. Siku ya mwanzo kulisikia lile neno alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Hooponopono! Pono si samaki yule, anayelala hata unamchukua kwa mkono?"

"Ndiye huyo huyo," Nesi akamjibu. "Nnataka ugomvi wenu ulale usingizi wa pono, nyinyi mpumzike."

Walikuwepo pia walionong'ona kwamba hiyo ni dini ya watu wengine. Maneno yakamfika imamu wa msikiti wetu, naye akamwuliza kwa adabu, njiani, mbele ya Mama. Nesi akamwambia: "Tunafungua kwa Fatiha, tunafunga kwa chakula. Hapo katikati watu wanasema kweli na wanaombana radhi. Nambie nitoe lipi, sheikh, nilitoe." Imamu akafikiri, akatabasamu, akenda zake. Baada ya Ramadhani alimleta dada yake na shemeji yake.

Wala hakungoja magomvi makubwa. Yeye alilifanya jambo hilo kama mtu anavyofagia ua. Akikuaga mlangoni lazima akushike mkono akuulize, "Pana kilichokwama baina yetu?" Watu wengi hujibu hapana, akawaachia. Lakini ukinyamaza kidogo tu, umerudi ndani. Nakumbuka alimfuata muuza duka Mhindi wa Malabari aliyemkaripia juu ya chupa za maziwa, akaomba radhi yeye mwenyewe, kwa kuwa, alisema, alikuwa amemchukia tangu asubuhi na mwenziwe hana habari. Yule muuza duka hakufahamu kitu. Alimpa peremende.

Na mara moja, barabara ya kuelekea Rusayl, penye viwanda, lori la mizigo liliigonga gari yake kwa nyuma. Mimi nilikuwa naye. Dereva alishuka anapiga kelele, maana madereva wale wa kigeni waliogopa sana kufukuzwa kazi, na mtu mwenye hofu hupiga kelele mwanzo. Nesi hakumjibu. Alifungua buti, akatoa mkeka, akautandika pembeni ya barabara kwenye changarawe, akakaa. Akapigapiga mkeka kwa mkono kumwashiria na yeye, kaa. Kijana wa watu akatazama kulia, akatazama kushoto, akakaa. Polisi walipofika waliwakuta wanakula tende, yule dereva anaeleza mambo ya mama yake aliye mgonjwa kwao Punjab, kwa Kiarabu kibovu, machozi yanamtoka. "Nani aligongwa hapa?" polisi akauliza. Nesi akasema, "Sote wawili."

Sitaki kumfanya malaika. Kwenye mstari wa kulipia alikuwa hana subira hata chembe. Alipika vibaya na hakutaka kuambiwa. Na huyu mtu wa suluhu, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, alikuwa akipenda mieleka ya televisheni kupita kiasi. Alhamisi jioni tulimsikia ng'ambo ya ukuta: "Mvunje! Mvunje huyo, asiinuke!" Mama akitikisa kichwa, akisema, "Kesho huyu atakwambia usamehe."

Kwetu sisi kazi yake ilikuwa ya kufa na kupona. Baba na kaka yake, Baba Mkubwa wangu, walikuwa hawasemezani tangu bibi, mama yao, alipofariki. Bibi alipasuliwa hospitali asiamke tena. Baba alikuwa safarini mbali, Salala, kwa kazi, na ruhusa ya kupasuliwa ilitiwa saini na Baba Mkubwa peke yake. Baba alirudi akakuta kaburi. Alisema neno moja tu pale makaburini, "Umemuua," na baada ya hapo hakusema jengine naye. Miaka ikapita. Msikiti mmoja, safu mbalimbali. Binamu zangu niliokua nao kitanda kimoja nikawa nawaona harusini, tunapungiana mikono kama watu wa mtaa mwengine.

Jinsi Nesi alivyowapata wote wawili sikupata kujua. Najua tu kwamba alasiri moja, mimi nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nilirudi nyumbani nikaambiwa nivuke ukuta, ninangojwa. Niliwakuta wameshakaa. Baba anatazama pazia. Baba Mkubwa anatazama mikono yake. Mama yupo, na mke wa Baba Mkubwa, na binamu zangu wawili. Nesi alitaka kila mtu. Alisema kamba hii imewazunguka hata ambao hawakuifunga.

Tukasoma Fatiha. Kisha Nesi akamgeukia Baba.

"Mwambie huyu," Baba akaanza, "mwambie kwamba..."

"Simwambii kitu. Anakusikia. Wewe nambie mimi."

Baba akasema. Mwanzo alisema kama mtu anayesoma habari redioni, halafu sauti ikamkatika. Alisema hakumwona mama yake uso. Alisema angepigiwa simu angekuja hata kwa miguu. Baba Mkubwa akainua kichwa kutaka kujibu, na Nesi akanyanyua kiganja. Tukanyamaza. Ule unyamavu ulikuwa mrefu, na mzito, na baada ya muda ukawa si mzito tena. Nikasikia njiwa juu ya tangi la maji, nikasikia mtu anaburuta kitu mbali huko kwenye viwanja. Nikahisi kama sote tumewekwa chini ya maji ya uvuguvugu na hatuzami.

"Haya," Nesi akamwambia Baba Mkubwa. "Na wewe nambie."

Baba Mkubwa alikuwa msimamizi wa bohari moja la Rusayl. Alisema, "Bi Nesi, kazi yangu mimi ni kutia saini. Mzigo umeingia, natia saini. Mzigo umetoka, natia saini. Na kila nikitia naiona ile ya hospitali. Sina la kujitetea. Daktari alinambia asipopasuliwa hafiki asubuhi, nikaamini. Labda ningengoja. Sijui. Mpaka leo sijui. Ningalipenda nijue."

Baba alifunika uso wake kwa kilemba. Tukadhani amekasirika. Lakini alipozungumza, alisahau kumwambia Nesi akamwambia ndugu yake moja kwa moja, na Nesi hakumkataza.

"Kosa ni kuwa mimi sikuwepo," alisema. "Nikatafuta mtu wa kulibeba asiyekuwa mimi. Nisamehe, kaka."

Nesi aliniuliza na mimi nina nini. Nilikuwa sikujitayarisha. Nikasema nimewakosa binamu zangu, na hapo nikalia kama mtoto, na wao wakalia, na Mama, aliyecheka habari za samaki pono, alilia kuliko sote. Ndipo Nesi alipowafundisha lile neno la mwisho, wakaambizana: "Nimekufungua, na mimi nifunguke." Halafu akaleta majimbi ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Yalikuwa mabichi katikati. Tukayamaliza.

Sikwambii kwamba baada ya hapo walikuwa kama asali. Wiki ya pili yake walizozana juu ya nani aweke gari kivulini. Mama alisimama dirishani anawasikiliza wakipigizana kelele, na nilimwona anatabasamu.

Sasa lipo jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelitamka sebuleni mule. Nesi mwenyewe alikuwa na mfundo. Mume wake, aliyefariki kabla sisi hatujahamia Ansab, alioa mke wa pili, mwanamke wa Yiti, kijiji cha pwani. Nesi hakuachwa wala hakuondoka. Lakini na yule mwanamke hakupata kusemezana naye, si wakati wa uhai wa mume wala baadaye. Njia ya Yiti hakuipita. Watu wakitaka kwenda kutembea pwani ya huko yeye alikuwa na kichwa kinauma. Samaki wa Yiti akimjua kwa macho, akasema hana ladha.

Siku moja nilithubutu. Nilikuwa nimeshaajiriwa wizarani wakati huo, nikajiona mtu mzima. Nikamwuliza, "Bi Nesi, na wewe nani atakukalisha?"

Hakukasirika. Alitazama kikombe chake cha kahawa akakizungusha. "Mtu hawezi kukaa katikati na akakaa pembeni," alisema. "Ngoja nipate mtu." Halafu akawasha televisheni, na mieleka ikaanza.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeshasogea aliponiita. Nilikuwa nimeolewa, nakaa Al Khoud, simwoni ila Ijumaa moja moja. Ansab ilikuwa imejaa majumba, jabali huoni tena ila vipande vipande baina ya kuta. Nesi alikuwa amepungua. Viatu vyeupe vilikuwa vinampwaya. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, pazia zimeshushwa, na juu ya zulia amekaa mwanamke mwengine, mwembamba, mwenye barakoa usoni, ile ya kizamani ya wanawake wa pwani. Nesi aliponielekeza mto, nikaenda kukaa ukutani kama siku zote.

"Hapana, mwanangu. Hapo katikati."

 Nilimwambia sijui. Akasema, "Umeona mara ngapi? Unajua. Soma Fatiha."

Nikasoma. Kisha nikamwambia aanze yeye.

Nesi alikuwa amejitayarisha, ilionekana. Alisema, akinitazama mimi, kwamba yeye ni mgonjwa sasa na hataki kwenda na mzigo. Kwamba mwanamke huyu alimchukulia nusu ya nyumba yake na yeye akamchukia kwa miaka. Na kwamba leo amemsamehe. Alisema vizuri. Nikashusha pumzi, nikidhani tumemaliza.

Nikamgeukia mwanamke wa Yiti. Nilitegemea Kiarabu. Yeye akanijibu kwa Kiswahili, kizito kidogo, cha kujifunza ukubwani.

"Mie sikuja kusamehewa. Nimekuja kusikia."

Nesi alishituka akashika ukingo wa zulia. Baadaye aliniambia kilichomshitua: Kiswahili kile kilikuwa cha marehemu. Yule mwanamke alifundishwa na mume, na kila neno alilitamka alivyokuwa akilitamka yeye, hata kule kuvuta mwisho wa sentensi. Mtu aliyezikwa miaka yote ile alikuwa anazungumza sebuleni kwa mdomo wa mke mwenza.

"Kusikia nini?" nikauliza.

"Yeye anajua. Alipokuwa mgonjwa yule bwana, mie nilikwenda hospitali. Nilikwenda kila siku. Na kila siku mlangoni naambiwa hapana ruhusa. Nesi mkubwa kasema hapana. Mpaka siku nikaambiwa basi, usije tena, kesha kufa. Mie ni mke wake. Nilitaka kujua kwa nini."

Nilinyanyua kiganja, kama nilivyomwona yeye akifanya. Si kwa hekima. Niliiga tu. Tukanyamaza. Pazia lilijaa upepo kidogo likatulia. Uso wa Nesi ulikuwa unabadilika mbele yangu, unatoka kwenye uso ninaoujua unakwenda kwengine, kama uso unaouona ndotoni ukaujua ni wa nani bila ya kufanana naye.

"Ni kweli," alisema mwisho. "Nilimzuia. Nilikuwa na uwezo huo nikautumia. Nikajiambia mgonjwa anataka utulivu." Akaachia ukingo wa zulia. "Na pana jengine ambalo hata yeye halijui. Siku ya mwisho marehemu alimwulizia. Aliuliza, hajaja? Nikamwambia hajaja. Na huyu alikuwa hapo nje, kwenye kiti. Nilikuwa nimetoka kumwona."

Sikuwahi kumwona Nesi akilia. Alilia bila sauti, mgongo umenyooka. Kisha akamgeukia mwenziwe, na kwa mara ya kwanza akamsemesha. "Niliyekosa ni mimi. Nnakuomba radhi. Nifungulie."

Mwanamke wa Yiti aliinua mikono nyuma ya kichwa. Akavua barakoa yake akajifuta uso, na nikaona kuwa ni mtu mzima sana naye, mwenye macho ya upole.

"Aliuliza vipi?" akasema. "Alisemaje hasa?"

"Alisema, 'Bi mdogo hajaja?'"

"Rudia."

Nesi akarudia. Yule akafumba macho akasikiliza.

"Mie bado," alisema alipoyafumbua. Hakusema kwa ubaya. "Nimesikia. Lakini bado, bi mkubwa. Sitaki kukwambia uongo."

Nikamtazama Nesi aniongoze. Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mgonjwa anayeelezwa dawa. "Haya," alisema. "Anayo haki. Tutakaa tena." Chakula kilikuwepo lakini hakikuletwa, kwa kuwa jambo halijamalizika. Tulikunywa maji tu.

Jua lilikuwa linaanza kulegea nilipomrudisha yule bibi kwao. Tulipoingia njia ya Yiti, majabali yakatuzunguka pande zote, mekundu, mwanga unateleza juu yao, na gari ikawa kama haiendi.  Yule bibi alishikilia mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Nilidhani nimeharibu, nilidhani lau Nesi angekuwa katikati, angeyamaliza.

Tulipoanza kuteremka na bahari ikaonekana kwa mbali, alisema, "Ningekuwa mie ndiye nesi, na yeye ndiye yuko nje, na mie ningemzuia."

Nikapunguza mwendo. Nikamwuliza kama nigeuze gari turudi, au nimpigie simu Bi Nesi nimwambie hivyo.

"Hapana," alisema. "Usimwambie. Nipitie Ijumaa, nikamwambie mwenyewe."